Dirisha la likelemba

Saa mbili asubuhi, majirani zangu wa Bel-Air wakiwa wameshakunywa chai na kutawanyika, mimi ndiyo kwanza navua viatu. Ni muuguzi wa zamu ya usiku, huu ni mwaka wa saba. Nikifika nyumbani naoga, nakula kipande cha mkate, nashusha pazia, najilaza. Na kila nilipojilaza, kwa miaka minne mfululizo, upande wa pili wa ukuta wa ua kulikuwa na mtu anawasha mashine.

Kinu. Mulini, kama tunavyosema hapa Lubumbashi. Kinaanza kwa kukohoa, kinapanda, kinapanda, mpaka kinatulia kwenye mngurumo mmoja, na mngurumo huo hauishii sikioni, unashuka hadi kwenye godoro. Halafu inajipanga foleni ya akina mama na mabeseni ya mahindi, na foleni ya akina mama haikosi habari. Wale wanaolala usiku wana malalamiko yao yanayojulikana: nganda, yaani baa, na muziki wake, kesha la maombi, malori ya shaba yanayoelekea mpaka wa Kasumbalesa. Mchana hauna mlalamikaji. Nani atapunguza sauti saa tatu asubuhi kwa ajili ya mtu aliyelala? Sisi wa zamu ya usiku tunalala katikati ya soko, na soko halina kosa.

Wenzangu watatu kazini wameniuliza dirisha langu nililinunua wapi. Jibu fupi lingewadanganya, kwa sababu dirisha nililonunua, lile la pesa nyingi, halikunisaidia. Kilichonisaidia kilikuja baadaye, na sehemu yake kubwa haikuwa kioo.

Kwanza jambo moja la kazi yangu. Jicho lina kope, sikio halina. Ukilala, ubongo unaendelea kusikiliza. Ndiyo maana mama anaweza kulala katikati ya kelele za barabara na bado akaamka mtoto anapokoroma vibaya. Watu huniambia, "Utazoea." Mtu huzoea kweli, kwa maana ya kwamba haamki kabisa wala hakumbuki. Mwili hauzoei kiasi hicho: mapigo ya moyo bado yanaruka kelele inapopita, na usingizi mzito unakatwa kuwa mwepesi bila mwenyewe kujua. Anaamka amechoka na hajui amechoshwa na nini. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, liliweka kelele ya mfululizo ndani ya chumba cha kulala isizidi desibeli 30, na kishindo kimoja kimoja kisivuke 45. Hiyo ni kwa mtu anayelala usiku, ambaye saa ya mwili wake iko upande wake. Anayelala mchana anapigana na mwanga na joto la mwili linalopanda, na usingizi wake tayari ni mfupi. Hahitaji mulini juu yake.

Basi mwaka juzi zamu yangu ya likelemba, ule mchezo wa kuchangiana pesa na kupokea kwa zamu, ilipofika, nilizipokea zile pesa za wenzangu kumi na mmoja, nikasema hizi hazitaliwa wala hazitavaliwa. Nikaenda mjini kununua usingizi.

Dukani walikuwa na dirisha la maonyesho, la vioo viwili, limefungwa kwenye fremu nyeupe, linatazama barabara. Kijana wa duka alilifungua, zikaingia honi, sauti za wauza vocha, watu wanaitana. Akalifunga. Kimya. Akalifungua tena, akalifunga tena, kama mtu anayecheza na bomba la maji.

"Mama, hii iko vitri mbili. Ukifunga, makelele yote inabakia inje."

Nililia kidogo, sioni haya kusema. Nililipa siku ileile.

Mafundi walikuja, wakang'oa nako zangu, yaani vile vipande vya kioo vinavyopangana kama magamba ya samaki, ambavyo nyumba nyingi za hapa bado zinavyo. Nako ni dirisha zuri la nchi ya joto: unageuza mkono mmoja, hewa inaingia, mvua hainyeshi ndani. Kwa kelele ni chujio la unga. Hata zikifungwa, kila kipande kinaacha mstari wa hewa juu na chini yake, na dirisha lenye vipande tisa linaacha mistari kumi. Sikuzisikitikia.

Asubuhi iliyofuata nikajilaza. Kinu kikakohoa. Kikapanda. Kikatulia.

Akina mama wa foleni walikuwa wamepungua kweli, sikusikia tena nani ameachwa na nani. Lakini kinu chenyewe kilikuwepo, peke yake, kimevuliwa nguo. Zamani kilikuwa kimejificha ndani ya makelele mengine. Sasa kilisimama katikati ya chumba kama mgeni asiyetaka kuketi. Ningeapa kwamba kimeongezeka. Mama mkwe, aliyekulia kambi ya kampuni ya madini ya Gécamines na kupangiwa maisha na king'ora cha kiwanda, alisema yeye kimya ndicho kinamtisha, mimi nina bahati. Sikumjibu. Yeye ni mama mkwe.

Aliyenifungua macho ni mdogo wangu, anayesoma Politekiniki kwenye Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Alikuja Jumamosi na simu yenye programu ya kupima desibeli. Aliniambia mapema kwamba simu si kipimo cha kuaminiwa, hasa kwa sauti nzito za chini, ila inafaa kwa kulinganisha kabla na baada. Uani, karibu na dirisha, simu ilisema 72. Chumbani, dirisha jipya limefungwa, ikasema 55. Kabla ya hapo, na nako, ilikuwa 58. Pesa zote za likelemba zilikuwa zimeninunulia desibeli tatu.

Na desibeli si kilo, hazihesabiwi kama unga. Kila zinapopanda kumi, nguvu ya sauti inazidishwa mara kumi, lakini sikio linasikia kama imeongezeka mara mbili tu. Zikishuka tatu, nguvu imepungua nusu, na sikio kwa shida litagundua. Kwa hiyo muuzaji akikuambia bidhaa yake "inaondoa nusu ya kelele", muulize nusu ya nini. Anaweza kuwa anasema kweli na bado usilale.

Mdogo wangu alisimama katikati ya chumba, akainua kichwa taratibu.

"Yaya, na hizi klostra?"

Juu ya dirisha langu jipya, karibu na dari, kulikuwa na matundu mawili ya kupitishia hewa, matofali ya saruji yenye nafasi za maua maua. Yamekuwepo tangu nyumba ijengwe. Nimeishi chini yake miaka minne, nimeyapangusa buibui, na sikuwahi kuyaona. Ni kama mtu aliyenunua kufuli la bei na kuliweka mlangoni, kumbe nyumba haina ukuta wa nyuma.

Akachukua karatasi, akanifanyia hesabu ambayo ningependa kila mwenye duka la madirisha aibandike ukutani. Ukuta wa chumba changu upande wa kinu una upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.6, jumla mita za mraba 7.8. Ukiutoboa asilimia 1 tu ya eneo hilo, ukuta wote, hata ungekuwa wa chuma, hauwezi kuzuia zaidi ya desibeli 20 au hivi. Asilimia 1 ya ukuta wangu ni sentimita za mraba 780, yaani tundu la sentimita 28 kila upande. Klostra zangu mbili, ukijumlisha nafasi zake, zinakaribia hapo. Ungeweka hapo kioo cha benki, sauti ingepita juu yake ikicheka.

Kuta zetu wenyewe hazina neno. Ni za matofali ya kuchoma, ya udongo wa kichuguu kama nyumba nyingi za zamani hapa, na ukuta wa tofali uliopigwa plasta pande zote unazuia kama desibeli 45. Kinachozuia sauti kwanza ni uzito. Sauti ni hewa inayosukuma. Kitu chepesi kinasukumika na kusukuma hewa ya upande wa pili, kizito kinakataa. Kila unapozidisha uzito mara mbili unapata desibeli tano au sita. Ndiyo maana sponji ya godoro ukutani haizuii kitu, na zile trei za mayai ambazo vijana wanazibandika kwenye studio zao hazizuii kitu. Zinapunguza mwangwi ndani ya chumba, basi. Pazia zito ni hivyohivyo. Zuri kwa mwanga, na mimi ninalo, ila kinu hakilijui.

Kwa uzito wa kioo kuna kanuni moja rahisi ya kukumbuka: mita moja ya mraba ya kioo, kila milimita 1 ya unene ni kilo 2.5. Kioo cha milimita 4 cha mita moja ya mraba ni kilo 10. Ukiinua dirisha dukani na likakuondokea kama sinia tupu, umeshajua.

Tulifunga klostra zile mbili siku hiyohiyo, kwa muda, kwa matofali na udongo. Simu ikasema 44. Kwa matofali sita! Nilikaa kitandani nikicheka, halafu nikanyamaza, kwa sababu mngurumo ulikuwa bado upo. Mdogo, wa chini, lakini upo. Vitri mbili bado zilikuwa zinaudhi.

Hapa ndipo alinieleza jambo ambalo kijana wa duka, nadhani, hakulijua mwenyewe. Vioo viwili vyembamba vyenye hewa kidogo katikati ni kama ngoma yenye ngozi pande zote mbili. Hewa iliyofungiwa ni springi. Piga ngozi moja kwa mdundo inaoupenda, ya pili itaitikia. Kwa vioo viwili vya milimita 4 vyenye nafasi ya milimita 12 mdundo huo uko karibu na mara 245 kwa sekunde, na kuuzunguka mdundo huo dirisha la vitri mbili linaweza kuzuia kidogo kuliko kioo kimoja chenye uzito uleule. Sauti za watu kwa sehemu kubwa ziko juu ya hapo, ndiyo maana zilipotea dukani. Sasa hesabu kinu: cha nyundo, kinachozunguka mara 3,000 kwa dakika, chenye safu nne za nyundo, kinapiga mara 200 kwa sekunde. Ni jirani wa karibu sana. Injini za malori na jenereta na besi za nganda ziko chini zaidi, ambako dirisha jepesi la namna hii halina nguvu.

Madirisha ya vitri mbili yalibuniwa hasa kwa ajili ya nchi za baridi, kuzuia joto lisitoke, na kwa kazi hiyo nafasi ya milimita 12 hadi 16 inatosha kabisa. Sauti inataka kitu kingine. Inataka nafasi pana, sentimita 10 na kuendelea, na inataka vioo visivyolingana unene, kwa sababu kila unene una sauti yake ya juu ambapo kioo kinalegea na kuipitisha; milimita 4 inalegea karibu na hertz 3,000, yaani mara 3,000 kwa sekunde, milimita 6 karibu na 2,000. Ukiweka viwili sawa, vinalegea pamoja. Ukivitofautisha, mmoja anashika mwenzake anapoanguka.

Siku hizi madirisha yanayoingia kutoka Afrika Kusini, China na Uturuki mengine yana karatasi yenye alama. Ukiona herufi Rw na namba, yaani desibeli ambazo dirisha linazuia, halafu mabano yenye namba mbili za kutoa, mfano Rw 35 na ndani ya mabano −1 na −5, usisome ile 35 peke yake. Namba ya pili ndani ya mabano ni ya sauti nzito, za barabara ya mjini na mitambo. Itoe. Kwa mtu wa kinu au wa barabara ya malori, dirisha hilo ni la 30. Wauzaji wengi husoma namba ya kwanza kwa sauti kubwa na hawaisomi nyingine kabisa.

Fundi niliyemwendea ni mzee anayechomelea shasi za chuma, yaani fremu za madirisha, huko Kamalondo, hajawahi kusikia Rw maishani. Nilimweleza shida yangu, nikamchorea. Alitazama mchoro, akauliza swali moja tu.

"Mama, ukuta iko na unene gani?"

Nilimwambia sentimita 25 na plasta.

"Basi iko na nafasi. Ile ya bei muache pale pale. Miye natengeneza ingine ya ndani."

Ndivyo ilivyokuwa. Dirisha la likelemba lilibaki kwenye uso wa nje wa ukuta, na ndani, sentimita 12 kutoka hapo, akaweka fremu ya chuma yenye kioo cha kugandishwa: vioo viwili vya milimita 3 vilivyoshikwa na utando wa plastiki katikati, kama kioo cha mbele cha gari. Ule utando una kazi. Kioo kitupu kikipigwa na sauti kinalia kama glasi. Chenye utando kinanyonya mtetemo, kinalia kama ubao. Kingo za lile pengo la sentimita 12 tulizivika sponji na kufunika kwa kitenge, na hapo ndipo sponji ilipopata kazi yake halali, kunyonya sauti inayogongagonga kati ya vioo.

Kilichonifurahisha zaidi ni kaushu, yaani mpira wa kuziba kingo. Mzee alikataa gundi ya povu niliyomletea. Alinituma kwa wauza vipuri vya magari yaliyochakaa, nikanunua kaushu ya mlango wa gari dogo, ile nene yenye tundu katikati. Akaizungusha kwenye fremu, na dirisha akalifunga kwa bawaba na komeo linalobana, kama mlango wa gari unavyobana. Kama unanunua dirisha jipya, angalia hilo kabla ya kioo. Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma kando ni mazuri kwa macho, lakini kitu kinachoteleza hakiwezi kubana. Kati ya vipande vyake kuna vibrashi vya manyoya tu. Linalofunguka kwa bawaba likabanwa na kaushu pande zote nne linalishinda, hata kwa kioo kilekile. Funga dirisha na kipande cha karatasi katikati, halafu kivute. Kikitoka bila kukatalia, sauti itapita hapohapo. Au ngoja usiku, mtu amulike tochi kutoka nje huku wewe uko ndani gizani.

Nilimsisitizia mzee kwamba dirisha la ndani lazima lifunguke lote. Siyo kwa ajili ya kusafisha tu. Nyumba zetu zina antivol, vile vyuma vya kuzuia wezi, kila dirisha, na nimeona kazini watu waliokwama ndani ya moto kwa ajili ya vyuma vyao wenyewe. Antivol ya chumba changu ina bawaba na kufuli, na ufunguo unaning'inia mahali ambapo hata mtoto wangu wa mwisho anapajua.

Na hapa naomba msomaji anivumilie niseme kama muuguzi, kwa sababu chumba kisichopitisha sauti ni chumba kisichopitisha hewa. Mwezi wa sita na wa saba Lubumbashi ni baridi, usiku unauma, na watu wanaingiza mbabula, lile jiko la makaa, chumbani ili wapate joto la makaa. Nyumba ya klostra na nako inayovujisha hewa imewaokoa watu wengi bila wao kujua. Ziba kila tundu kama nilivyoziba mimi, kisha ingiza mbabula, na hutaamka. Hewa ya makaa haina harufu, haina rangi, na inashikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshikamana nayo. Nimewapokea alfajiri, waliobahatika, wanaumwa kichwa na kutapika, wanadhani wamekula kitu kibaya. Jenereta iliyowekwa kwenye veranda chini ya dirisha ni kifo kilekile. Chumba changu hakiingizwi moto wa namna yoyote. Tuna blanketi.

Hewa tuliirudisha kwa njia nyingine. Klostra za upande wa kinu zilizibwa moja kwa moja. Upande wa ua wa ndani, ambako kuna mti wa mwembe na kamba ya kuanikia tu, tulifungua mbili mpya. Mbele ya moja mdogo wangu alipigilia sanduku la mbao lenye vigawanyo vitatu ndani, vimevikwa sponji, ili hewa ipite kwa kupinda kona kama mtu anayetafuta choo gizani. Hewa inapinda bila shida. Sauti ikigonga kila kona inapoteza nguvu, ingawa zile nzito hazipotezi nyingi, ndiyo maana sanduku liko upande ambao hauna kinu. Mwezi wa kumi, jakaranda zikichanua na joto likija kabla ya mvua, hata hivyo haitoshi, na nawasha feni. Feni yenyewe inavuma, na uvumi wake wa sawasawa unafunika vishindo vidogo. Usingizi unaudhiwa zaidi na kelele inayokuja na kuondoka kuliko inayokaa mahali pamoja. Umeme ukikatika, feni inazimika na kinu kinazimika, tumelingana.

Bado palikuwa na kitu. Siku moja niliweka kiganja ukutani kinu kikiwa kinasaga, nikasikia mtetemo mkononi. Hiyo haiji kupitia dirisha. Inatoka kwenye miguu ya mashine, inaingia ardhini, inapanda kwenye msingi wa nyumba, na kioo chochote duniani hakiizuii. Ilibidi niende kwa papa wa mulini, mwenye kinu mwenyewe, jambo ambalo ningelifanya miaka minne nyuma kama ningekuwa na akili.

Alikuwa ameketi kwenye gunia, mweupe wa unga hadi kwenye nyusi. Nilimsalimu, nikamuuliza watoto, nikaeleza kazi yangu na saa zangu. Alisikiliza. Kisha akasema:

"Mama, weye kwenu munakulaka nini?"

"Bukari, papa."

"Unga inatoka wapi?"

Sikuwa na la kusema, nikacheka, naye akacheka. Alikuwa hajui kwamba jirani yake analala mchana. Alidhani pazia langu limeshushwa kwa sababu ya vumbi. Hakuweza kubadilisha saa, watu wanakula, na sikumwomba. Nilimwomba aniruhusu nimletee vipande vya tairi la lori, vinene, viwekwe chini ya miguu minne ya kinu. Alikubali, kwa sharti la kwamba vijana wangu ndio wainue mashine. Waliinua. Pia aligeuza mlango wa kibanda: zamani ulitazama dirisha langu, sasa unatazama barabara, na foleni imehamia huko pamoja na habari zake. Mimi nikatoa misumari na chupa mbili za bia. Hiyo ndiyo kazi ya bei nafuu kuliko zote katika makala hii, na ndiyo niliyoifanya mwisho.

Simu ya mdogo wangu sasa inasema 36, saa nne asubuhi, kinu kinasaga. Si 30 ya mwongozo. Kwangu inatosha, kinu kimekuwa kama mtu anayenong'ona nyumba ya pili. Mtu asiye na kinu, ambaye adui yake ni sauti za watu na redio za jirani, huenda asihitaji dirisha la pili hata kidogo. Azibe matundu, abadilishe nako ziwe dirisha linalobana lenye kioo kimoja cha milimita 6, apime, ndipo aamue kama pesa nyingine ziende huko. Mtu wa barabara ya malori afuate njia yangu; mtu wa kinu aianzie mwisho, kwa kuongea na jirani. Anayepanga nyumba na mwenye nyumba hataki kuguswa ukuta, dirisha la ndani la kufungwa kwa skrubu linaweza kuhama naye.

Na nyumba ya paa la mabati bila dari ni habari nyingine kabisa, hapo usiguse dirisha kwanza. Weka dari.

Wiki iliyopita nililala hadi saa nane mchana. Nilipofungua mlango nilikuta mfuko wa unga kwenye ngazi, kilo tano, umefungwa kwa kamba, na juu yake kipande cha karatasi ya daftari kilichoandikwa kwa kalamu ya risasi: "Mama, tulibisha sana."